Mkalimani wa Ghorofa ya Tano

Mji ule hauna mto. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaponiuliza ulikuwaje hutaka niwasimulie minara na vioo, na mimi naona jambo la kwanza la kusema ni kwamba hauna mto, hauna msitu, na udongo wake haushiki mbegu. Maji yake hutolewa baharini. Mitambo mikubwa iliyopangwa ufukweni huvuta maji ya bahari na kuyachuja, maji matamu yakaenda mabombani, na chumvi ikarudishwa ilikotoka. Ngano yake huota katika nchi nyingine. Ng'ombe wake hulisha katika nchi nyingine. Hata watu wake, tisa katika kila kumi, walizaliwa kwingine, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kilichokuwa chake hasa ni gesi iliyo chini ya bahari, na vyumba. Vyumba vyenye zulia, vyenye meza ndefu, vyenye milango miwili ili watu wasiopendana wasikutane mlangoni. Dunia nzima ilikuja kukaa katika vyumba hivyo. Mimi nilikaa miaka tisa nikijiuliza swali moja, nalo sijalimaliza mpaka leo: mahali pasipo na kitu panawezaje kuamua juu ya mahali penye kila kitu?

Jumba la Mikutano lilikuwa na ghorofa sita. Ghorofa ya tatu walisuluhisha vita. Wapiganaji waliokuwa hawawezi kukaa pamoja kwao walikaa pamoja pale, wakapewa tende na kahawa, wakagombana kwa adabu. Ghorofa ya nne ilikuwa ya gesi: wanaume kutoka nchi za baridi walikuja kila mwaka kabla ya majira ya theluji, wakatoka wakiwa wamenyamaza. Ghorofa ya tano ilikuwa ya bandari, viwanja vya ndege na mashamba, yote ya nchi za watu. Kila ghorofa ilikuwa na saa yake ukutani. Ya tatu ilifuata saa ya nchi iliyokuwa vitani, ya nne ikafuata saa ya wanunuzi. Ya tano haikuwa na saa. Mikataba yake ilibeba tarehe za miaka ambayo bado haijafika, na watu walizungumza juu yake kana kwamba imepita. "Bandari ilipofunguliwa," wangesema, "meli ya kwanza iliyotia nanga ilikuwa ya ngano," nao walikuwa wanazungumzia pwani ambayo haikuwa na hata jiwe moja lililopangwa.

Mwenyeji wetu aliitwa Bwana Suhail. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani wako wawili, mtu na ndugu yake wanaofanana. Wa kwanza nilimwona asubuhi ghorofa ya tatu: mpole, msikivu, akiwashika mkono wapiganaji wa pande zote mbili. Wa pili nilimwona mchana ghorofa ya tano: mkavu, hacheki, anauliza maswali mafupi. Siku moja nilimwuliza mwenzangu wa kibandani, Bi Thuwaiba, yupi ndiye mkubwa.

"Mkubwa wa nani?" akasema. "Ni yeye yule, mwanangu. Anapanda lifti, anabadilisha kadi shingoni, basi."

Bi Thuwaiba alizaliwa Unguja akaondoka huko na wazazi wake akiwa na miaka saba. Kiswahili chake kilisimama mwaka ule ule. Gari aliita motokaa, daktari wa kike aliita bibi dakitari, na alipokuwa anakalimani maneno mapya ya uchumi aliyatafsiri kwa maneno ya jikoni kwa bibi yake. Nilipokuwa nakaa naye ndani ya kile kibanda cha kioo, tukibadilishana kila nusu saa, nilijisikia nimekaa na mtu mzima na mtoto wa miaka saba kwa wakati mmoja, na wote wawili wananihurumia.

Kazi yetu ilikuwa kusema "mimi" kwa niaba ya watu wengine. Mkalimani hasemi "waziri anasema anakubali." Anasema "nakubali." Kwa miaka tisa nimekuwa jenerali, nimekuwa mkimbizi, nimekuwa benki. Nimetoa amri ya kusimamisha mapigano na dakika hiyo hiyo nikaikataa. Nimeomba radhi kwa mauaji ambayo sikuyafanya, nikajibu kwamba siipokei radhi hiyo. Nikirudi chumbani kwangu saa kumi na mbili jioni nilikaa kwanza kitandani bila kusema lolote, hata simu sikuipokea, nikisubiri mimi mwenyewe nirudi. Kuna siku nilichelewa kurudi. Kuna siku alirudi mtu ambaye sikuwa na hakika naye, nikamkaribisha hivyo hivyo kwa sababu hakuna mwingine aliyekuja.

Sasa niseme lililotokea.

Ilikuwa Jumatatu, baada ya chai ya saa nne. Tulikuwa ghorofa ya tatu na vita vyetu, tukaambiwa tupande ya tano, ujumbe umefika kutoka Afrika Mashariki. Tulipoingia kibandani niliona kupitia kioo meza ndefu, na juu ya meza hiyo mfano wa bandari uliotengenezwa kwa plastiki na mbao nyepesi. Ulikuwa na gati, korongo za kupakulia mizigo, maghala yenye paa za buluu, reli, na watu wadogo wa plastiki urefu wa punje ya mchele, wote wakitazama upande mmoja. Taa juu yake iliwekwa hivi kwamba kwenye bandari ile ni saa sita mchana daima.

Upande mmoja wa meza alikaa Bwana Suhail na wasaidizi wake. Upande wa pili alikaa Waziri, Mheshimiwa Semkiwa, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kusomea risala, na katibu wake. Waziri alipoanza kusalimia nilijua mara moja kwamba ni watu wa kwetu, na nilipotazama tena ule mfano nikajua zaidi ya hapo. Mkono wa bahari ulikuwa unaingia nchi kavu na kupinda kama kiwiko. Kwenye kiwiko hicho paliwekwa ghala namba mbili. Mimi nimezaliwa kwenye kiwiko hicho. Panaitwa Chumvini.

Chumvini ni nyumba mia moja na arobaini na vitalu vya chumvi. Bamvua likija, yale maji makuu ya bahari, watu hufungua mbao zinazoziba vitalu, maji ya bahari huingia vitaluni, kisha hufunga na kuliachia jua kazi. Baada ya siku kadhaa maji hayapo na chumvi ipo, wanawake wanaikokota kwa reki na kuiweka marundo marundo. Mdogo wangu, Mwanahawa, ana vitalu vitatu alivyoachiwa na mama. Ndiyo maana siku zile za kwanza Mjini, nilipotazama mitambo ile ikichukua maji na kutupa chumvi, nilicheka peke yangu. Kwetu tunatupa maji tunachukua chumvi. Nilidhani ni jambo la kuchekesha tu.

Nilikitafuta kijiji chetu katika ule mfano. Sikuona paa hata moja, sikuona msikiti, shule, wala kisima.

Wakati wa mapumziko nilimwambia Bi Thuwaiba. Alikuwa anamenya chungwa.

"Pale ndipo kwetu," nikasema. "Pale penye ghala namba mbili."

Aliacha kumenya. "Una hakika?"

"Mdogo wangu anaishi pale."

"Basi nenda kamwambie msimamizi una udhuru. Atamleta mkalimani mwingine."

"Akija mwingine atasema nini?"

"Yale yale utakayoyasema wewe." Alinitazama. "Batuli, nisikilize. Nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Kazi hii ina sharti moja: kilichosemwa kwenye kipaza sauti kilicho wazi kinakalimaniwa. Kisichosemwa hakikalimaniwi. Ukizidisha, ukipunguza, hapana mkalimani tena, pana mtu anayepiga kelele ndani ya chupa."

Sikuomba udhuru. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la kweli si la kishujaa. Nilitaka kusikia.

Kikao kilipoendelea ilikuwa nusu saa yangu. Bwana Suhail alifungua jalada, akauliza kwa sauti ile ya mchana: "Eneo hili lina watu?"

Nikalitia swali lake katika Kiswahili. Waziri hakusita. "Hapana watu. Ni eneo tupu. Ni madimbwi ya maji ya chumvi tu."

Nami nikasema kwa Kiarabu, kwa sauti yangu, bila kutetemeka: hapana watu. Ni eneo tupu. Nilipotamka neno hilo nilimwona Mwanahawa na reki yake, na nikamfuta. Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Mtu akidhani kwamba kumfuta ndugu yake kunahitaji chuki au nguvu, amekosea, kunahitaji sarufi tu. Unaweka nomino, unaweka sifa, unanyamaza ili mwenzako aandike.

Bwana Suhail aliandika. Nusu saa yangu ikaisha, Bi Thuwaiba akashika zamu. Walizungumza kina cha maji, upana wa barabara, miaka ya umiliki, ambayo ilikuwa tisini na tisa. Kisha Bwana Suhail akauliza tena, kana kwamba hakuwahi kuuliza: "Na watu?"

Bi Thuwaiba akakalimani. Waziri alisikia, akavua visikilizio masikioni, akavitupa mezani, akamgeukia katibu wake. Taa nyekundu ya kipaza sauti chake ilikuwa bado inawaka. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake: "Huyu ana nini na watu? Wapo wale wapika chumvi, hao tunawasomba kabla ya masika. Hawana hati hata mmoja."

Bi Thuwaiba alinyamaza. Upande wa pili wa meza waliona midomo ya Waziri ikicheza na hawakusikia kitu visikilizioni. Bwana Suhail aligusa kisikilizio chake, akatazama kibanda chetu.

"Mkalimani?"

Bi Thuwaiba alifunga kipaza sauti chake, akaniambia haraka, "Wanazungumza wenyewe kwa wenyewe. Si kitu."

"Taa inawaka," nikasema.

"Batuli."

Nikabonyeza kitufe changu. Nikasema kwa Kiarabu: "Wapo wapika chumvi. Tunawasomba kabla ya masika. Hawana hati hata mmoja."

Mpaka hapo nilikuwa ndani ya sharti. Nilisema kilichosemwa. Lakini Bwana Suhail aliinua macho akauliza: "Wangapi?" na Waziri hakusikia swali, visikilizio vilikuwa mezani, bado anamnong'oneza katibu jambo jingine, midomo yake bado inacheza. Nilipaswa kusubiri avae. Sikusubiri.

Nikasema: "Nyumba mia moja na arobaini. Kuna shule ya madarasa manne, kuna msikiti, kuna kisima kimoja cha maji matamu ambacho bandari itakifukia. Vitalu vina wenyewe kwa majina, mama kwa binti. Wamekuwapo kabla ya serikali hii na kabla ya ile iliyotangulia. Naomba mlifikirie hilo."

Huenda ilichukua sekunde ishirini. Kwa sekunde hizo mimi nilikuwa serikali. Nilikuwa nchi nzima, yenye bendera na kiti, na kila nilichosema kiliandikwa mbele ya jina la nchi hiyo katika kumbukumbu za Mji ule, na kipo mpaka leo. Nilitegemea nitasikia kitu kikubwa ndani yangu. Nilisikia njaa, na mkono wa Bi Thuwaiba umenishika paja, kwa nguvu.

Bwana Suhail alitabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu ghorofa ya tano. Waziri alipoona tabasamu lile alivaa visikilizio haraka, akadhani amekosa habari njema.

"Nakushukuru, Mheshimiwa," Bwana Suhail alisema, nami nikamfikishia Waziri kwa Kiswahili, neno kwa neno. "Tuna picha za kutoka angani. Tulikwisha kuziona paa mia moja na arobaini. Tulikuwa tunasubiri kuona kama mtatuambia. Wenzako wengi huwa hawatuambii. Nimefurahi umesema mwenyewe, na umesema vizuri."

Waziri aligeuza kichwa taratibu, akatazama kioo cha kibanda chetu. Hakuweza kuniona vizuri kwa sababu ya mwanga, lakini alitazama mahali nilipokaa hasa. Niliona hesabu ikipita usoni mwake. Akikana, atakuwa anakana paa zilizopigwa picha. Akikubali, atakuwa amesifiwa.

"Ndiyo," alisema. "Sisi ni serikali inayojali watu wake."

Nikakalimani.

"Vizuri," Bwana Suhail akasema. "Basi hapa hapafai." Hakusema kwa huruma, na sitaki msomaji ampe huruma ambayo hakuwa nayo. Alifafanua mwenyewe: watu huleta kesi, kesi huleta waandishi wa habari, waandishi huleta ucheleweshaji, na Mji unaokula ngano ya wengine hauwezi kuchelewa. Akamwashiria msaidizi, naye akanyanyua ghala namba mbili na ghala namba tatu kwa vidole, akayabandua kwenye gati, akalisukuma gati lote juu ya meza mpaka mkono mwingine wa bahari, kilometa kumi na mbili kusini. Watu wa plastiki walianguka. Akawasimamisha tena mmoja mmoja.

"Hapa," Bwana Suhail akasema, "picha zinaonyesha miti tu. Panaitwaje?"

"Mikokoni," akasema Waziri.

"Pana watu?"

Ilikuwa zamu yangu. Kwa hakika ilikuwa zamu ya Bi Thuwaiba, lakini niliyeacha kipaza sauti wazi ni mimi. Waziri alikuwa amevaa visikilizio sasa. Alikuwa anatazama kioo, hatazami meza.

"Huko," alisema polepole, kila neno peke yake, "ni tupu kabisa."

Nilikuwa najua. Nilipokuwa mtoto watu wa Mikokoni walikuja Chumvini kila kiangazi, wamebeba boriti za mikoko na mikeka, wakabadilishana na chumvi, wakalala siku mbili uani kwetu, wakaondoka. Mama alikuwa na rafiki kutoka huko, mwanamke mrefu aliyetufundisha nyimbo za Kidigo. Picha za angani zinaona miti kwa sababu nyumba zao zipo chini ya miti. Nilijua wapo, lakini sikujua nyumba ngapi, kama wana shule, wala kisima chao kiko wapi. Sikuwa na namba ya kusema. Nilikuwa nimekwisha kuwa serikali mara moja na serikali yenyewe ilikuwa inanitazama.

Nikasema kwa Kiarabu maneno mawili. Tupu kabisa.

Yalikuwa tafsiri sahihi. Katika miaka tisa sidhani kama nilikalimani sentensi kwa uaminifu kuliko ile.

Hakuna aliyenifukuza. Waziri hakunishtaki, kwa sababu kunishtaki kungeharibu ile "ndiyo" yake. Nilimkuta ukumbini yeye na katibu wake wakisubiri lifti, akamtanguliza katibu.

"Wewe ni binti wa wapi?"

"Chumvini, Mheshimiwa."

"Nilijua." Alitazama viatu vyake. Kwa karibu alionekana amechoka, na kola ya shati lake ilikuwa imeanza kuchakaa. "Leo umekuwa waziri kwa dakika moja. Umeonaje?"

"Sikuona kitu, Mheshimiwa. Nilisikia njaa."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Mimi pia husikia njaa. Unadhani neno 'tupu' ni langu? Lilikuja limeandikwa. Wataalamu walituletea, nao walilipata kwenye ripoti ya hawa hawa." Alionyesha mlango wa chumba cha mkutano. "Mimi nilisoma. Wewe ukakalimani. Yeye akaandika. Sasa tafuta aliyesema."

Lifti ikafunguka, akaingia, milango ikafunga. Aliposhuka chini sijui alishuka kama nani.

Bi Thuwaiba hakuzungumza nami mpaka tulipokuwa tunasubiri gari la kutupeleka makwetu. Jua lilikuwa bado kali. Alisimama chini ya kivuli cha tangazo, mkoba kifuani.

"Umeniudhi," alisema.

"Najua, Bi Thuwaiba. Nisamehe."

"Hujui. Mwaka ule tulipoondoka Unguja, siku mbili kabla, walikuja watu na mapanga. Sisi tulikuwa ndani, sita, mama amenifunika mdomo. Jirani yetu, fundi cherahani, alisimama mlangoni petu akawaambia, nyumba hii tupu, wenyewe wamekwisha kwenda. Wakapita." Alisubiri motokaa moja ipite. "Neno lile lile. Mimi nipo hai kwa sababu ya mtu aliyesema hatupo. Sasa nikisikia mtu anasema mahali ni tupu, sijui anaua au anaokoa. Ndiyo maana nanyamaza. Wewe ulijua upesi mno."

"La Chumvini nililijua."

"Na la Mikokoni?"

Gari letu lilifika, tukapanda, tukakaa viti vya mbele kama kawaida yetu. Akanipa nusu ya chungwa lililobaki.

Niliendelea na kazi kwa miezi miwili. Nilikuwa jenerali tena, nikawa benki tena, na "mimi" zao zote zilikuwa zinapita vizuri. Ila jioni nilipokaa kitandani kusubiri, hakurudi mtu. Siku ya sitini na moja niliandika barua ya kuacha, na kwa kuwa kibali cha kuishi Mjini hufungwa na kazi, barua ile ilikuwa pia barua ya kuondoka. Bi Thuwaiba alinisindikiza uwanja wa ndege. Alikuwa amebakiza wiki nne. Hatukusema mambo makubwa. Aliniomba nikifika nimtumie picha ya mti wa mdimu, mti wowote ule, usiwe na mtu mbele yake.

Chumvini nilipakuta kama nilivyopaacha, isipokuwa shule imepakwa rangi. Mwanahawa alinipokea stendi, amenenepa, anacheka. Hakujua lolote. Njiani alinieleza habari za kijiji kama watu wanavyoeleza, ya kifo na ya ndoa kwa pumzi moja, kisha akasema:

"Halafu, da Batuli, tuna wageni. Watu wa Mikokoni. Wamejengewa uzio kwao, bandari inakuja, wakaambiwa wahame. Hawakulipwa hata fidia, maana kwenye karatasi imeandikwa hapakuwa na mtu. Hebu fikiria. Mtu mzima anaonyeshwa karatasi kwamba hayupo."

"Wako wangapi?" niliuliza, na nilisikia sauti ya Bwana Suhail ndani ya sauti yangu.

"Kaya sitini na kitu. Wengine wamekwenda mjini. Hapa tumegawana nao vitalu, tungefanyaje? Mimi nimempa mmoja kitalu kile cha pembeni. Mama wa watu, mchapakazi. Utamwona."

Alikuwa anaitwa Nyamvula. Nilimwona kesho yake asubuhi, mwanamke wa umri wangu, mrefu, kanga kaifunga kiunoni, miguu imezama kwenye tope mpaka vifundoni. Alikuwa anasawazisha sakafu ya kitalu kabla ya bamvua. Kazi ile hakuzaliwa nayo na ilionekana: alikuwa anaukandamiza udongo kama mtu anayesuka, kwa vipande vidogo vidogo. Nikavua viatu nikaingia kumsaidia. Tulifanya kazi mpaka jua likapanda, tukizungumza ya kuzungumza.

"Mwanahawa anasema ulikuwa Uarabuni," alisema. "Kazi za ndani?"

"Hapana. Nilikuwa mkalimani."

"Ndiyo nini?"

"Watu wanazungumza lugha mbili, mimi nakaa katikati. Huyu akisema, nami nasema kwa lugha ya yule."

"Bila kuongeza?"

"Bila kuongeza."

Alikubali kwa kichwa, akaendelea. Ningeweza kuacha pale, asingejua kamwe. Lakini mahali pale maneno ya watu wengine yalikuwa yameniishia, na nilipofungua mdomo yalitoka yangu. Nikamweleza. Nikamweleza meza na ule mfano wa bandari, nikamweleza jinsi nilivyosema nyumba mia moja na arobaini, jinsi ghala lilivyosogezwa kwa vidole, na Waziri alivyosema kwao ni tupu, na kwamba sauti iliyowafikia wenye Mji ikisema hivyo ilikuwa hii anayoisikia.

Nyamvula alisimama. Aliniangalia kwa muda mrefu, uso wake hauna hasira wala msamaha, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Ulijua tupo?"

"Nilijua. Watu wenu walikuwa wakilala uani kwetu."

"Ukasema kwa Kiarabu."

"Kwa Kiarabu."

"Hebu yaseme nisikie."

Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya maishani. Lakini alikuwa anasubiri, na alikuwa na haki ya kusikia. Nikayasema, kwa sauti ile ile ya kibandani, wazi, bila kutetemeka. Hakujua Kiarabu. Aliinamisha kichwa kidogo akaendelea kusikiliza baada ya mimi kunyamaza, akidhani kuna zaidi.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

"Maneno mawili?"

"Mawili."

Alitazama upande wa kusini, ambako kutoka pale hakuonekani kitu, ni miti tu.

"Na mimi nilidhani," alisema, "walikaa siku nzima wakatujadili."

Kisha akaniomba nimshikie upande wa pili wa ubao, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kuingia.